Samaki Wako Walikufa Zamani

Baba Masika,

Barua zako za safarini zilianza zote namna moja: "Mke wangu, mimi sijambo, sijui wewe." Basi mimi ni uchovu tu. Nimechoka mabega, nimechoka miguu, na zaidi ya yote nimechoka kusema uongo. Na uongo wenyewe, ukisikia utacheka, ni juu ya samaki.

Samaki wako walikufa. Si jana wala juzi, misimu miwili ya mvua imepita. Niliwaua mimi, kwa chumvi. Afadhali nilitoe hilo kwanza, mengine yatafuata.

Unakumbuka ulivyowaleta. Yule Mhindi mwenye duka la vitambaa Kasese alipoambiwa aondoke nchini, wewe ndiye uliyempakilia mizigo mpaka stesheni. Likabaki sanduku la kioo lenye samaki saba wekundu, akakuambia chukua, hawa hawawezi kupanda treni. Ukalileta Bwera katikati ya magunia ya pamba, ukiendesha lori polepole hata wenzako wakadhani umelewa. Kwa Mhindi kulikuwa na mashine ya umeme ya kupuliza hewa majini. Kwetu umeme uko wapi? Ukachukua pampu ya baiskeli, ukaifunga mpira mwembamba, ukaanza kuwapigia samaki hewa, mara hamsini asubuhi, mara hamsini jioni. Majirani walikuja kutazama. Walisema bwana Kambale anajaza samaki upepo kama tairi.

Wiki ya kwanza tu, mimi na mama yako tuliona kioo kimeota ukijani, tukaona aibu, wageni watasemaje. Tukamwaga maji yote, tukasugua kwa sabuni na majani ya mgomba, tukajaza maji mapya ya kisimani. Kabla ya saa sita wawili walikuwa wamegeuka matumbo juu. Hukufoka. Ulisema, "Maji mapya ni ugenini, mtu huingia polepole." Tangu siku hiyo tulibadilisha jagi moja moja, na maji yakikaa kwanza kwenye beseni kutwa nzima. Nilikuwa sijakuona ukiwa na subira namna hiyo, hata na watoto wako.

Halafu ukaenda safari ile. Lori lilionekana kando ya barabara, milango wazi. Wewe hukuonekana. Mwezi wa tatu tangu hapo akaja Musa, dereva mwenzako, akakaa kwenye benchi letu, akakataa chai. Alisema alikuona kwa macho yake umekufa, na kwamba watu wa kijiji cha njiani, wasiokujua hata jina, ndio waliokuzika. Wapi hasa, hakuweza kusema. Aliogopa, na mimi sikumlaumu, siku zile watu wakipotea njiani, nani hakuogopa.

Nilimwambia mama yako. Hakulia. Alisogeza kigoda chake mpaka kwenye kioo, akachovya kidole majini kama alivyozoea, akasema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, "Samaki yake beko bazima. Na yeye iko muzima. Tutamungoja."

Wazee wa ukoo walikuja kutoka ng'ambo ya mpaka, Beni na Butembo, wakakaa siku mbili. Wakasema matanga hayakaliwi mama mzazi akikataa. Wakala, wakarudi. Nami nikabaki si mke wala si mjane. Kanisani nilikuwa sijui nikae na akina nani. Kila aliponiuliza mtu habari zako nilijibu kwamba tunangoja, na ndani nilijua, Baba Masika, nilijua.

Sasa sikiliza ya chumvi. Samaki watano waliobaki walitoka madoa meupe mwilini. Mimi ni mtoto wa Kabatoro. Mama yangu alinilea kwa kuuza chumvi ya ziwa Katwe, na kwetu chumvi ni dawa ya kila kitu, kidonda, jino, tumbo la ng'ombe. Nikatia konzi moja. Nikaona haitoshi, nikaongeza ya pili. Asubuhi wote watano walikuwa wanaelea. Nimekulia kando ya ziwa lile, na ndani yake hakuna samaki hata mmoja, wala siku moja sikujiuliza kwa nini.

Nilikaa chini sakafuni. Mama yako alikuwa bado amelala. Nikawaza, huyu akijua samaki wamekufa, wiki hii tutamzika yeye. Nikawafunga kwenye jani, nikachukua kapu, nikateremka mto Lubiriha. Wanawake waliokuwa wakifua walinitazama mke wa mtu nikivua visamaki kama mtoto mtoro wa shule. Nikapata watano wadogo, weusiweusi. Macho ya mama yako yana ukungu tangu zamani, nikajiambia hataona. Hakuona, au ndivyo nilivyodhani.

Wa mtoni nao walikufa, mmoja huyu, mwingine yule. Kila akifa nilirudi mtoni. Sijui nimeteremka mara ngapi. Jembe shambani, watoto, maji, kuni, halafu pampu, hamsini asubuhi na hamsini jioni, kwa samaki ambao hata si wako. Kuna siku nilikukasirikia wewe. Nisamehe, lakini nilikukasirikia kweli. Nilisema huyu mtu ameniachia mzigo, akaenda kulala.

Juma lililopita malaria iliniangusha. Siku mbili sikushika pampu. Siku ya tatu nikajikokota ukutani mpaka sebuleni, nikamkuta mama yako kwenye kigoda, kidole majini. Akasema bila kugeuka, "Rudia kulala, mutoto yangu. Hata hawa wakikufa, haiko samaki yake."

Nilidhani ni homa. Akaendelea taratibu: "Ile ya Kambale ilikuwa inakuya kulamba kidole yangu. Hii inakimbia. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Nikamuuliza kwa nini alininyamazia muda wote huo. Akasema, "Niliona unapiga pompi kila siku. Nikawaza, huyu angali anamungoja bwana yake. Nitamuvunja roho namna gani?"

Umeona? Yeye ananingojea mimi, mimi namngojea yeye, misimu miwili, na katikati yetu visamaki vya mtoni. Nilikaa chini pale pale, tukalia. Alilia yeye kwanza. Alikuita kwa jina lako la utotoni, lile ulilokataza watu wasilijue, na sasa najua.

Jana tulikwenda mtoni, mimi na beseni la samaki kichwani, yeye mkono begani kwangu, tukisimama kila hatua ishirini apumzike. Tuliwaachia polepole, kama ulivyotufundisha. Wazee wametumiwa habari ng'ambo. Katekista atasoma sala Jumamosi. Kaburi hatuna, tutaweka mezani shati lako la kijani, nimeshalipiga pasi. Nitavaa nguo ya mjane, na kanisani nitajua pa kukaa.

Ninakuahidi haya. Nitakulilia kwa sauti, mbele za watu, sitajibana tena. Mama yako hatakaa peke yake nikiwa hai. Na siku Musa atakapoacha kuogopa, atanionyesha mahali, nitakwenda hata kwa miguu.

Sasa hivi mama yako ameniuliza ninamwandikia nani. Nimesema, marehemu. Neno hilo lilikuwa halijatamkwa humu ndani. Nikaogopa nimemuumiza. Kisha akasema kwa kuwa hajui kuandika, nimshike mkono, naye atie jina lake.

Lala, Baba Masika. Tumekuachia.

Mjane wako, Biira
Mama yako, Kavira