Bafta ya Bibi na Jino la Zuhura

Alhamisi, 12 Mei 1983

Limetoka! Ncha tu, nyeupe, lakini nimeligusa kwa kidole changu mwenyewe. Zuhura kanicheka: "Mama, mbona walia?"

Miezi mitano iliyopita mwanangu alivimba shavu, chini ya jino la utoto lililooza. Kwenye picha daktari alituonyesha mfuko wa maji ndani ya taya, umelisukuma jino la ukubwani hadi chini kabisa. Aling'oa lile bovu, akautoboa mfuko. Akasema tundu lisizibe. Tulijaze kitambaa safi na kukibadilisha kila siku, jino litapanda lenyewe. Kisha akashusha sauti: "Bandeji zimekwisha, mama. Tafuteni kitambaa cheupe."

Nitafute wapi? Nguo zimeadimika madukani; hata kanga ilikuwa ya foleni na kujuana.

Mama mkwe, ambaye siku zote namnung'unikia kwa kufungia vitu sandukuni, alilifungua sanduku lake akatoa bafta aliyojiwekea ya sanda. Akaichana mbele yangu. Nikapiga kelele, "Mama, hiyo si ya safari yako?"

"Chemsha maji," akanijibu.

Nikachemsha, kila asubuhi, na bado nilikuwa nikinuna akinisimamia. Mungu anisamehe.

Leo Zuhura amekwenda kumwonyesha bibi yake jino. Bibi amelitazama sana. Kisha akaikunjua bafta iliyobaki, akajipima nayo, akacheka.

"Hainifiki hata magotini. Basi itabidi niishi mpaka bafta irudi madukani."

Ee Mola, maduka yasiwe na haraka.