Nilikuja Kujifunza Kihispania, Bibi Akajua Kiswahili

Jumapili, 8 Septemba

Nimefika. Kihispania changu nadhani kimebaki kwenye ndege, chini ya kiti, pamoja na skafu niliyoazima kwa dada.

Mwenye nyumba ni bibi mfupi, fundi cherehani. Chini ni karakana yake: cherehani mbili, pasi ya mvuke, kioo kirefu, vitambaa mpaka darini. Juu ndiko tunakoishi, mimi na yeye tu. Alinipokea ana pini mdomoni! Akaongea maneno chungu nzima na hakuna pini hata moja iliyoanguka. Sikuelewa kitu, nikatabasamu. Akaniongezea supu. Nikatabasamu tena, akaniongezea tena. Tumbo linauma.

Jumatatu, 9 Septemba

Chuoni. Mratibu wetu ni mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Ameeleza habari ya krediti, zile alama za muhula. Darasani tutasoma, sawa, lakini darasa peke yake halitoshi. Kihispania kinahesabiwa pale tu unapokiongea nyumbani na wenyeji wako. Mwisho wa muhula atakuja kula chakula cha jioni kwa kila mwenyeji, akae mezani, asikilize. Basi! Ukiongea, chuo cha nyumbani kinapokea krediti na unahitimu. Usipoongea, unarudia mwaka.

Nimecheka moyoni. Kuongea tu? Mimi niliyefukuzwa darasani miaka yote kwa mdomo?

Jumanne, 17 Septemba

Ule mdomo sijui umekwenda wapi. Nikitaka kusema neno, naliona limesimama mlangoni, halitoki. Nasema ndiyo. Nasema hapana. Nasema supu nzuri. Leo haikuwa supu, ilikuwa mayai.

Mama kapiga simu ya video nikiwa karakana. Naye anashona mapazia huko nyumbani, kwa hiyo alipoona cherehani nyuma yangu alipiga kelele. Nikampa Bibi simu. Mama anaongea Kiswahili, Bibi anajibu Kihispania, wanaonyeshana mishono, wanacheka mpaka Bibi kakalia pasi (ilikuwa imezimwa, Mungu mkubwa). Hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Mama akasema nimfundishe mwenzake Kiswahili kidogo, wapate kuongea vizuri. Bibi naye akanishika mkono, akaonyesha mkasi, akaniangalia. Nilimwelewa. Watu wazima wawili wamekuagiza jambo moja, utakataa kwa mdomo upi? Nikasema: mkasi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Bibi ni balaa! Anashika kila neno. Mkasi, uzi, sindano, ngoja, simama wima, vuta pumzi. Wateja wanaambiwa "vuta pumzi" na wanavuta. Muuza viatu wa jirani akipita anasema "Haya, kwaheri," na ndiyo kwanza anaingia.

Mimi nimemsaidia kupima pindo za suruali. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi nainama kutwa. Wateja wananisemesha Kihispania huko chini, nami najibu nikiwa nimeshika chaki. Ila hayo ni ya kazi, si mazungumzo. Mazungumzo ni mezani, na mezani tunaongea Kiswahili.

Nilijaribu leo. Nilisema sentensi ya Kihispania, nzima, niliyoiandaa tangu asubuhi. Bibi akaniangalia kama mtu aliyekuta nywele kwenye chakula. Akasema, kwa Kiswahili, kwamba Kihispania anaongea na wateja, Kiswahili ni cha nyumbani. Kisha akanipa mkate.

Jumatano, 20 Novemba

Sina siri tena duniani. Kila jioni Mama na Bibi wanapigiana simu. Bibi anaegemeza simu kwenye mkate, wanaanza. Bibi ananishtaki: hakufua. Mwanao analala sana. Jana kala biskuti zangu. Mama anamjibu kuwa nilikuwa hivyo hivyo tangu utotoni, halafu anamsimulia nilivyokwama kwenye dirisha la jikoni nikiiba sukari. Bibi kauliza: kichwa au makalio? Makalio! Neno hilo nani kamfundisha? Si mimi. Ni Mama!

Kikulacho ki nguoni mwako. Na hawa wote wawili ni mafundi wa nguo.

Mama kasema sare za mahafali yangu zimeshashonwa. Shangazi wote wamepimwa. Shangazi mkubwa anataka mikono mirefu.

Jumatatu, 13 Januari

Leo nimegombana na mteja. Ni dereva wa teksi, suruali tumemrekebishia mara ngapi sijui, bado anasema fundi hajui kazi. Bibi alikuwa sokoni. Nikamsimamisha mbele ya kioo, nikamwambia suruali haina kosa lolote, kosa liko juu ya mkanda, na kama anataka tulipunguze hilo basi tutahitaji mkasi mkubwa zaidi. Kacheka hadi kifungo kikaruka. Nikakishona.

Chuoni tumepewa tarehe. Mratibu anakuja kwetu Ijumaa ya tarehe saba Februari. Maji yamenifika shingoni. Muhula mzima sijaongea Kihispania mezani na mwenye nyumba wangu, hata siku moja! Mwenzangu wa darasani kaniuliza mwenyeji wangu yukoje. Nikasema mchangamfu.

Jumanne, 28 Januari

Nimemweleza Bibi kila kitu. Kwa Kiswahili, ndiyo, ningefanyaje? Kwamba huyo bwana akikuta tunaongea Kiswahili nimekwisha. Narudia mwaka. Shangazi watavaa sare kwenda kununua vitunguu.

Bibi kashika kichwa. Kaapa kwamba siku hiyo Kiswahili hakitatoka kinywani mwake. Kataka pia kumwambia Mama. Nikamkataza katakata! Mama asijue. Mama akijua, presha itapanda, kisha atapanda ndege.

Alhamisi, 6 Februari

Tumefanya mazoezi. Tumekaa mezani na sahani tupu. Bibi kaanza, kwa Kihispania, polepole, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto: HABARI YAKO. Nikajibu: NZURI. Akasema: CHUO. Nikasema: NDIYO. Tukatazamana. Akaangua kicheko, nami nikafuata, ukawa mwisho wa mazoezi.

Baadaye kaniambia anaona haya. Kuongea na mimi Kihispania ni sawa na kuniita mteja. Nikataka kulia kidogo. Nampenda huyu bibi, na ataniangusha mtihani.

Ijumaa, 7 Februari, jioni

Niko chooni. Nimefunga mlango. Acha niandike haraka.

Mratibu kaja. Bibi kavaa gauni la kijani, pini hana. Tulianza kwa Kihispania, vizuri tu, yaani vibaya. Supu nzuri. Ndiyo, chuo. Hapana, si baridi. Mratibu anatikisa kichwa polepole, kalamu haigusi karatasi.

Simu ya Bibi ikalia. Mama! Ni saa yao ya kila jioni, na mimi sikumwonya asipige, maana ningemwonya ningelazimika kumwambia sababu. Bibi, mkono wake kwa mazoea, akapokea na kuiegemeza kwenye mkate. Mama akachungulia: "He! Mwenzangu! Una mgeni mwanamume na hukuniambia?"

"Si wangu!" Bibi akajibu. "Huyu mrefu mno, suruali yake ingemaliza kitambaa!"

Wakacheka mpaka meza ikatikisika. Kwa Kiswahili safi. Mratibu akaweka kijiko chini. Akauliza nyumba hii inaongea lugha gani. Bibi hajui kusema uongo, akamweleza yote, kifua mbele: muhula mzima, kila siku mezani, na mwalimu wake ni huyu hapa, mwalimu hodari. Alikuwa ananisifu! Mratibu akafunika kalamu.

Mama akauliza kuna nini. Bibi kamwambia. "Mwanetu anakosa krediti. Kwa sababu ya sisi."

Mama akasogeza uso kwenye simu. Kisha akaniita jina langu lote, lile la cheti.

"Mwambie huyo bwana maneno yangu. Wewe mwenyewe, si Bibi. Kama mwanangu hajui Kihispania, asimpe. Hatutaki cha bure kwetu. Sare za shangazi zake zitakaa kabatini, hazili, hazinywi. Lakini kama anajua na amenyamaza kwa woga tu, amkalishe hapo hapo mpaka aseme."

Mratibu akanigeukia. Amesema nini mama yako?

Nikamtazama Bibi. Kakunja mikono. Hatanitafsiria. Na anaelewa kila neno, kwa hiyo siwezi kudanganya: nikimwambia Mama anamsalimia tu, Bibi atanisahihisha pale pale. Nimemfundisha mwenyewe! Nikasema dakika moja, nikakimbilia huku.

Nimejaribu kimoyomoyo, kwa Kihispania. Asimpe, ninalo. Cha bure, ninalo. Kabatini, hazili, hazinywi, maneno yote ninayo. Yanakuja yenyewe, kama wakati ule wa suruali. Shida ni moja. Nikiyasema vibaya, ataona hapo hapo kwamba sijui. Nikiyasema vizuri, nitakuwa nimemwomba, kwa mdomo wangu mwenyewe, asinipe. Mama yangu huyu!

Bibi anagonga. Anaongea Kihispania. Si kile cha ng'ambo ya mto. Ni cha haraka, cha chini, anachotumia kule karakana. Anauliza kama nimekufa, kwa sababu supu inapoa na mgeni anatazama mlango.

Nimemjibu. Nimesema aniache nipumue, sijafa, na mgeni kama amechoka kutazama mlango atazame sahani yake, na mtu aliyeegemeza simu kwenye mkate asinigongee mlango usiku wa leo, maana yote haya kayaleta yeye!

Nimesema yote hayo bila kushika hata chaki. Kwa sauti kubwa. Kwa Kihispania.

Mezani, tak! Kifuniko cha kalamu kimefunguliwa.

Sasa ni sauti ya Mama, kutoka kwenye simu: "Amesema nini huyo?"