Blogu ya dada haipo tena

Jumamosi

Samahani daftari, mwezi mzima sijakuandikia. Mtoto wa dada hanipi nafasi.

Leo nilimpeleka Neema stationari hapa Katesh, kwenye kompyuta yao, asome blogu ya mama yake, marehemu dada yangu. Imefutwa yote.

"Blogu zimepitwa, siku hizi watu wako kwenye magrupu ya simu, mama," mwenye duka akasema.

Magrupu. Kwenye blogu ya dada hata wasiojuana walipeana shikamoo kabla ya kubishana.

"Mama mdogo, au hakuandika?" Neema akauliza. Nikamjibu kwa ukali kwamba aliandika. Lakini sina cha kumwonyesha, na mimi mwenyewe naanza kusahau alivyokuwa...

Kesho namwandikia rafiki wa dada aliyeko Mbulu, aliyekuwa anaprinti kurasa za blogu. Anitumie ukurasa wa siku Neema alipozaliwa, wa mvua ya kule Mogitu, na ule wa mwisho, hata kama haukuisha.