Ute Ukiisha

Shangazi mpendwa,

Sisi tupo, na mdogo wangu ameota meno ya mbele. Wiki hii mwalimu wa biolojia alitufundisha habari za bakteria wa utumbo. Wakishiba makapi ya mboga na nafaka, wanatufaa. Wakiyakosa, wanaugeukia ute unaolinda ukuta wa utumbo. Wanatoa vimeng'enya, wanaukatakata na kuula, tabaka baada ya tabaka.

"Kumbe wapangaji wanakula nyumba!" akasema mchekeshaji wetu, darasa zima likaangua kicheko.

Unanijua, darasani huwa sifungui mdomo. Siku hiyo niliuliza, "Ute ukiisha, mwalimu?"

"Wanaufikia ukuta wenyewe. Hapo ndipo damu inapotoka."

Shangazi, tangu kaka yako afukuzwe kiwandani, ute wetu ni mama. Kila jioni husimama penye mlango wa chumba chetu, apigwe yeye ili sisi tusiguswe. Ilianza kwa makofi, ukaja mkanda, sasa ni mguu wa meza. Jumapili kaka yako alimvunja mkono, akamkanyaga mbavu mpaka akatema damu. Mama akaninong'oneza, "Usimwambie wifi yangu, ataumia moyo bure."

Jana mama hakuweza kuinuka kitandani, kwa hiyo mlangoni nilisimama mimi. Naandika haya kwa jicho moja, la pili limevimba halifunguki. Mdogo wangu bado hajaguswa.

Kaka yako anakuogopa wewe tu. Njoo kabla na mimi sijaisha.

Binti wa kaka yako