Jina Lililoachwa Wazi

Woolwich, London

Dada yangu Konsolata,

Shikamoo. Goti linaendeleaje tangu wakubadilishie dawa? Na mama, anakula vizuri? Mimi ni mzima, ila moyo haujatulia, ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu ungenikatiza uniambie nisali.

Mliposikia nimekuwa mkuu wa chuo mlipiga vigelegele kanisani. Mimi siku ileile nilijiuliza, kwa nini mimi? Miaka kumi na tisa nimekaa maabara nikichunguza magonjwa ya mihogo, sijaongoza hata idara. Mwenyekiti wa baraza la chuo akasema wamechoka na watu wa ofisini, safari hii wanataka mwanasayansi. Nikafurahi nusunusu.

Wiki ya pili akaniletea barua, na kalamu juu yake. Ilikuwa ya kuifunga maabara yetu ya mihogo. Alisema jambo limeshaamuliwa, imebaki sahihi yangu tu. Nikamwomba aniachie niisome. Akatabasamu, lakini kalamu akaondoka nayo.

Tangu hapo nikamshuku kila mtu, hata anayenisifia kitenge. Nilimshuku pia katibu muhtasi wangu, Bi Nila, mama wa Kihindi mzaliwa wa Tanga anayeishi Stanmore. Siku moja aliingia na chai, akafunga mlango, akaniuliza kwa Kiswahili kama ile barua nimeshaitia sahihi. Nikamuuliza nani kamtuma.

"Hakuna," akasema. "Barua ile niliichapa mimi, kabla hujaitwa hata kwenye usaili. Pa jina niliambiwa nipaache wazi. Chini yake niliambiwa niandike: aliyekuwa mtafiti wa maabara hii."

Dada, hapo ndipo nilipoelewa. Walimtafuta mtu wa maabara ileile aifunge kwa mkono wake, ili wenzake wakose la kusema.

Kwenye kikao cha baraza nikasema sitii sahihi mpaka wafanyakazi wa maabara wasikilizwe. Nikauliza pia kwa nini barua iliandikwa kabla ya mimi kuteuliwa. Mwenyekiti hakubisha. Aliuliza tu nani kaniambia, nami sikumtaja mtu. Maabara imepewa mwaka mmoja zaidi.

Jumatatu nikakuta meza ya Bi Nila tupu. Wakaniambia ameomba mwenyewe kuhamia maktaba. Sikuamini hata kidogo, nikajua wamemwadhibu kwa ajili yangu. Nikamfuata, nikamkuta anapanga majarida, nikamwambia nitamrudisha.

"Usinirudishe, Profesa," akasema. "Niliomba kweli. Nikikaa mlangoni kwako watanichunguza wao, na wewe utanichunguza vilevile."



Nisalimie shemeji, mumeo, na shangazi Veronika aliyenilea nilipokuwa nasoma. Mama mwambie tu kwamba huenda nikarudi maabara siku yoyote, asije akashtuka. Haya mengine yaishie kwako.

Mdogo wako anayekupenda,
Aneti