Magwinya ya Kilimani Troyeville

Dada yangu Zaituni,

Hamjambo huko Kigoma? Johannesburg baridi inauma, lakini nimekula! Jana shangazi alinipeleka kilimani Troyeville, mahali ambapo watalii hawafiki, unapouona mji wote na vilima vya manjano vya udongo wa migodi. Pale bibi mmoja anakaanga magwinya, maandazi ya duara, anayapasua na kutia achari ya embe.

Nikapaza sauti, "Shangazi, matamu kweli!"

Wanaume watatu wakageuka. Tangu Kombe la Dunia liishe, inavuma kwamba wageni watafukuzwa. Mmoja akaja, akanigusa kiwiko. "Hiki kwa Kizulu kinaitwaje?" akaniuliza kwa Kiingereza; asiyejua jina la kiwiko hutambulika kuwa mgeni. Sikujua. Shangazi akanivuta nyuma yake.

Bibi akaacha karai lake, akasimama kati yetu, akawaambia maneno ambayo shangazi alinitafsiria baadaye: "Huyu ni mgeni wangu. Mkiwa na swali, niulizeni mimi." Wakaondoka polepole, wakitutazama.

Tulirudi Malvern, anakoishi shangazi, bila kusema neno hata moja la Kiswahili. Shangazi alipofunga mlango, nikamuuliza, "Shangazi, huwa unatembea kimya hivi kila siku?"

"Kila siku, mwanangu," akasema, akaketi kwenye cherehani yake akalia.

Mama usimwambie. Mbusu tu, mwambie nashiba. Nyie mtuombee, hasa shangazi, maana mimi nitarudi nyumbani.

Mdogo wako akupendaye,
Rehema