Barua ya Theluji kwa Kaka Ghaffor

Jumamosi, 9 Desemba

Mimi ni mtu wa bahati, na leo naandika ili daftari nalo lijue. Kule Surgut, kaskazini mwa Urusi, miaka minne iliyopita, nilianguka kutoka ghorofa ya nne ya jengo tulilokuwa tunajenga — nikatua kwenye theluji, nikainuka, nikajikung'uta, sigara bado inawaka mdomoni! Warusi kumi na wawili walishuhudia. Theluji inanijua mimi. Leo nimewasimulia tena wateja pale kwenye tanuri yangu ya sambusa, wakacheka mpaka chai ikapoa.

Wote isipokuwa mmoja. Kaka Ghaffor alikuwa benchi la mwisho, kanipa mgongo, macho kwenye simu.

Wako watatu hawa mabwana hali-ya-hewa. Mwalimu Tolib, jiografia, mstaafu: hutembea na kipimajoto mfukoni kama wazee wenzake wanavyotembea na tasbihi. Numon mfamasia: ana programu sita za utabiri kwenye simu na hakuna hata moja inayoafikiana na mwenzake. Na mkuu wao, Ghaffor, kaka yangu wa tumbo moja, mwenye madaftari ya kila kipupwe tangu enzi za Wasovieti. Novemba ikiingia tu wanahamia kwangu, wanakula sambusa, wanaota theluji. Watu wazima wenye wajukuu! Mimi nimeishi mahali theluji inaziba dirisha. Hakuna aliyeiomba. Tuliichota kwa koleo na kuitukana.

Jumatano, 13 Desemba

Jua. Jua la mwezi wa tano!

Mabwana hawakukata tamaa. Utabiri wa Ulaya unasema hivi, wa Marekani unasema vile, mgandamizo wa hewa umeshuka hekto-sijui-nini. Nikawaambia, nendeni mkamuulize punda wa muuza makaa, yeye hana simu na hajawahi kukosea. Numon akanuna. Mwalimu Tolib akaandika kitu — nadhani aliandika kuhusu punda.

Kisha Ghaffor, bila kugeuka:

"Mwalimu, hebu mwambie mwenye tanuri sambusa zake siku hizi hazina kitunguu."

"Mwalimu," nikasema, "mwambie mteja kitunguu kimo. Ila mtu akitafuna huku anatazama mawingu, ataonja mawingu."

"Mwambie kwamba marehemu mama yetu alikuwa anatia viwili kwa kila kimoja chake."

"Jamani," akasema Mwalimu Tolib, "mimi nimestaafu! Ujumbe pelekeni kwa posta."

Ndivyo tunavyozungumza, mwaka wa nne sasa.

Nimeongeza kitunguu. Si kwa sababu yake.

Jumapili, 17 Desemba

Mohira mke wangu ananichosha. Amekuta barua chini ya godoro.

"Baba Shahlo, barua ya theluji? Mwaka huu unamtegea nani?"

"Ghaffor."

Akakaa chini. Kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumpata Ghaffor. Kwa barua ya theluji humpati mtu mpaka aipokee kwa mkono wake mwenyewe, siku ile ile theluji ya kwanza inaanguka. Akiipokea, hana ujanja, lazima atimize kilichoandikwa. Ukidakwa kabla, wanakupaka masizi usoni na karamu unalipa wewe. Sasa Ghaffor anajua theluji inakuja kabla theluji yenyewe haijajua! Siku hiyo huweka komeo la chuma getini. Hapokei kitu. Shemeji akimpa bakuli la chai, anamwambia weka chini, nitaokota. Vipupwe thelathini na kimoja, na hajakamatwa hata mara moja.

Kwa hiyo nahitaji theluji ambayo yeye hajaitabiri. Nahitaji akosee! Ndiyo maana nasema sayansi yao ni takataka — naomba iwe takataka, angalau asubuhi moja.

Mohira kaisoma barua kwa sauti: "Kaka, theluji imetoka juu, pilau itoke kwako. Iwe ya watu wawili, mimi na wewe, mlango umefungwa. Unisikilize mpaka sahani iishe."

Akaiweka magotini. Kisha: "Kwa nini usiende tu ukagonge?"

Mwanamke naye ana maswali! Niliwahi kugonga, nikiwa ndiyo kwanza nimerudi. Alifungua, akaniona, akafunga. Sikumzika mama. Ghaffor alishika jeneza upande wa mbele na upande wangu akashika jirani. Alinipigia simu Surgut nikamwambia kazi nyingi, bosi kagoma kunipa ruhusa. Akasema mtu asiye na miguu hutambaa kwenda kumzika mama yake. Hajaniambia neno tangu siku hiyo. Nami sina la kuongeza. Nimeirudisha barua chini ya godoro.

Alhamisi, 28 Desemba

Nicheke au nilie? Nicheke.

Tangu Jumatatu kundi lao la simu linawaka moto. Sentimita kumi na tano! Numon anaandika kwa herufi kubwa. Watu wamefunika mizabibu, wamenunua mkaa, bibi mmoja wa mtaani kwetu kaingiza kuku wake chumbani. Hata Ghaffor alitikisa kichwa kukubali, na Ghaffor hakubali ovyo. Jana jioni nikasikia komeo la geti lake, klang, nami naishi mitaa miwili mbali.

Leo asubuhi: vumbi. Upepo na vumbi! Tanuri yangu imejaa mchanga, sambusa zinalia krachi kwenye meno. Mwalimu Tolib kasimama katikati ya barabara, kofia imepeperuka, kakinyoosha kipimajoto juu kama anamdai Mungu.

"Nyuzijoto moja tu," ananiambia. "Sattor, tumekosa kwa nyuzi moja!"

"Mwalimu, mimi nilimkosa binti wa mkurugenzi wa kiwanda kwa nyuzi moja. Kunywa chai."

Nilimpa na sambusa mbili bure, maskini. Machozi yalikuwa yanamlenga, au ni vumbi.

Mguu wa kushoto umeniuma kutwa. Viatu vya Kichina hivi!

Jumatano, 3 Januari

Mwaka mpya. Nyuzi kumi na moja. Nzi ametua kwenye unga wangu, Januari! Nimemtuma Numon amwingize kwenye utabiri.

Jumapili, 7 Januari

Leo mkuu katangaza. Ghaffor akafungua daftari, akaweka miwani, akasema hakuna theluji kabla ya tarehe ishirini. Mvua labda. Theluji hakuna, watu walale.

Numon akafungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena — "Lakini kaka, hizi zote sita..." — kisha akaruka kidogo kama aliyeumwa na siafu na kunywa chai yake.

Nami nikadakia: "Mwalimu, mwambie mtabiri tunamshukuru. Akisema ishirini, mimi nitavaa koti tarehe kumi na tisa na kaptula tarehe ishirini."

Wote wakacheka. Ghaffor hakucheka. Ila alikawia kuondoka. Alisimama mbele ya tanuri akiota moto mikono, muda mrefu, akitazama makaa na si mimi. Mikono yake imekuwa ya mama kabisa, vifundo vile vile. Nikajifanya nahesabu kitunguu.

Alhamisi, 11 Januari

THELUJI!

Saa kumi na mbili asubuhi nimetoka kuwasha tanuri, ikanigusa pua. Nikadhani majivu. Nikatazama juu — nyeupe, nene, taratibu, kama mtu anachambua pamba mbinguni! Na tarehe ni kumi na moja! Amekosea! Mtabiri mkuu, madaftari thelathini na moja, amelala fofofo!

Sikuvaa hata koti. Mkate wa kwanza kutoka tanuri, moto, nikaufunga kwenye kitambaa, barua chini yake, na konzi la theluji kama desturi inavyotaka. Mkate kwa sababu mkate ni mkate. Hata adui yako akikunyooshea, unaupokea kwa mikono miwili, huuachi udondoke. Nilipanga hivyo tangu Novemba. Akili hii!

Nikakimbia. Najua nakimbia vibaya, mtaa mzima unajua, Mohira alishasema nakimbia kama meza.

Geti la Ghaffor halikuwa na komeo. Lilikuwa wazi kidogo, kiasi cha mkono.

Alikuwa katikati ya ua, koti refu begani, kainama, ameshika rula ya shule. Anapima. Na kutoka mlangoni mwake mpaka getini njia ilikuwa imeshafagiliwa, safi, na ufagio umeegemezwa ukutani. Tangu saa ngapi, sijui.

Akaniona.

"Sentimita tatu na nusu," akasema.

Ananiambia mimi! Mwalimu Tolib hakuwepo. Hakuna aliyekuwepo. Miaka minne, na neno la kwanza ni sentimita tatu na nusu. Nilikuwa nimeandaa mzaha wa kuingilia, mzuri, umenitoka wote. Nikanyoosha mkate tu.

Akaangalia kitambaa. Theluji ilikuwa inayeyuka, maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko changu. Kipofu angejua kilichomo. Ghaffor akaweka rula kwapani. Akanyoosha mikono miwili.

Akaisoma barua hapo hapo, miwani imeteremka puani.

"Mwandiko bado wa kuku."

"Kuku aliyeishia darasa la saba, kaka."

Alikaribia kucheka. Nimeona, siongopi. Kisha akaikunja barua mara nne.

"Pilau saa saba. Karoti za njano ninazo. Njoo peke yako. Na ile hadithi yako ya ghorofa na sigara iache kwa wateja, Sattor. Mimi nitakuuliza jambo moja tu: mwezi ule aliozikwa mama, wewe ulikuwa wapi."

Kurudi, nimemkuta Mwalimu Tolib barabarani kaacha mdomo wazi, anadaka theluji kwa ulimi. Miaka sabini na moja! Nikamdhihaki kwa furaha: haya, yuko wapi mkuu wenu na tarehe ishirini yake?

Akanitazama kama nilivyomtazama yeye siku ya vumbi.

"Ghaffor akosee hii? Mdogo wangu, programu zote sita zilionyesha Alhamisi tangu Jumamosi. Kipimajoto changu kilijua. Yule bibi wa kuku alijua. Jumapili tulidhani kaka yako anaumwa. Numon alitaka kumsahihisha, Ghaffor akamkanyaga mguu chini ya meza mpaka leo kucha ni nyeusi."

Nimesimama pale theluji ikinijaa shingoni. Kipupwe chote nimekuwa nawacheka wenye kutazama juu.

Sasa saa sita kasoro. Mohira kanyoosha shati jeupe, kaliweka kitini, akatoka. Nimejaribu kulisema jibu kwa sauti, mlango umefungwa. Siwezi! Mdomo unarudi ghorofa ya nne, unarudi kwenye sigara, kama punda aliyezoea njia moja. Nimejaribu mara tatu, na mara ya tatu nimeongeza Mrusi wa kumi na tatu.

Basi niandike kwanza, labda mkono utaufundisha mdomo.

Mohira anagonga. Anasema kaka katuma mtu, wali umeshaingia sufuriani.

Naandika. Haikuwa ghorofa ya nne, ilikuwa ya pili, na sikuangukia theluji, niliangukia matofali. Sikuinuka. Nililala kitandani wiki tisa, siwezi hata kugeuka, na mama walimzika wiki ya tatu.